Kaseti ya Darmi na Zamu ya Kisima

Mtu akikuambia aliishi Garsen mwaka wa tisini na tisa na hakumjua Darmi Halkano, mwulize alikuwa akinywa chai gani. Maziwa ya mji ule, au tuseme nusu yake nisije nikaambiwa natia chumvi, yalipita mikononi mwa wanawake wa Kiorma waliokaa kwa mstari pembeni ya soko, vibuyu mbele yao, mitungi ya plastiki nyuma. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa Darmi. Ungemsikia kabla hujamwona. Mwanamke yule hakuweza kumimina maziwa bila kuimba. Akikupimia, anaimba. Akikufungia kibuyu, anaimba. Na ukithubutu kumwambia kwamba maziwa ya leo mepesi, basi anakuimba wewe, jina lako na jina la mama yako, mpaka soko zima linageuka kukutazama. Nawajua watu wazima waliobadilisha njia ya kwenda kazini kwa ajili hiyo.

Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, mwembamba, jino moja la mbele limemeguka kwa sababu ya fahali aliyerusha kichwa zamani. Hakuzaliwa mjini. Alizaliwa bara, magharibi ya mto, mtoto pekee wa mzee Halkano, na mzee Halkano hakujaliwa mtoto wa kiume. Mtu mwingine angetafuta mchungaji wa kuajiri. Halkano alimshika mkono binti yake wa miaka saba akampeleka kisimani.

Hapa lazima nikueleze hicho kisima, maana bila hicho hutaelewa kitu. Kiangazi kikishika, mto uko mbali, na watu wa bara huchimba kwenye laga, lile bonde la mchanga linalopitisha maji siku za mvua tu. Huchimba hadi kina cha watu wanne waliosimama mabegani mwa wenzao. Wanyweshaji wanashuka, kila mmoja anasimama kwenye kidato chake ukutani, ndoo inapanda mkono kwa mkono, inamwagwa kwenye hori la udongo lililofinyangwa pale juu, na ng'ombe wanakunywa. Kazi hiyo haifanywi kimya. Aliye juu anaimba, wa chini wanaitikia, na wimbo wenyewe ni majina ya ng'ombe: huyu mwekundu, huyu wa baka, huyu mama yake yule. Ng'ombe anaitwa, anakuja, anakunywa. Kundi la fulani likitosheka, wimbo unahamia kundi linalofuata, kwa zamu, na zamu hiyo haichezewi hata kidogo. Ambaye babu yake alichimba ndiye wa kwanza. Ng'ombe wako wanaweza kuwa wanayumba kwa kiu, lakini wimbo wao hauanzi kabla wimbo wa mwenzako haujaisha.

Darmi alikiimbia kisima hicho miaka kumi, msichana peke yake kati ya wanaume. Wapo walionong'ona. Baba yake aliwajibu kwamba ng'ombe wake hawajalalamika, na neno likaishia hapo. Kisha akatokea Wako, dereva wa lori la mifugo wa Garsen, aliyekuja kununua madume. Akamsikia Darmi akiimba. Akarudi mara tatu bila kununua hata mbuzi, na mara ya nne akaja na wazee wake. Hivyo ndivyo Darmi alivyofika mjini, na wimbo ukamfuata.

Baba yake alibaki na ng'ombe. Halafu ukaja mwaka wa mafuriko makubwa, na baada ya mafuriko maradhi, na wewe kama ulikuwepo unajua, na kama hukuwepo shukuru Mungu. Kundi la Halkano likabaki dogo. Wangapi, sisemi, ng'ombe wa mtu hawahesabiwi mbele za watu. Elewa tu kwamba wangetosha kulala wote chini ya kivuli cha mgunga mmoja. Mbele yao alikuwa Dimtu, ng'ombe mwekundu mzee, ambaye Darmi alimjua tangu akiwa ndama.

Sasa, wazo la kaseti lilikuwa la Idris. Idris ni mtu wa Kipini, fundi wa redio, na kibanda chake kilitazamana na mstari wa maziwa. Kwa miaka miwili mizima alikuwa akisikiliza nyimbo za bure akichomelea nyaya. Siku moja akavuka barabara na bisibisi mkononi.

"Dada Darmi," akasema, "sauti hii waimwaga mtangani burebure. Njoo tuitie kwenye kaseti."

"Nani atanunua nyimbo za muuza maziwa?"

"Wanunue wasinunue. Mimi nataka nikenda kwetu niwe nayo. Kipini kule kuna kelele za mawimbi tu."

Darmi akacheka, akamwambia aende zake. Lakini usiku huo alimweleza Wako, na Wako, badala ya kukataa kama alivyodhani, alianza kumpangia ni lori gani litabeba nakala ngapi na kwenda wapi. Mwanamume yule alimpenda mkewe mpaka ikawa aibu mbele ya madereva wenzake.

Nyimbo zilikuwa nne tu, zote alizitunga mwenyewe. Wa kwanza ulisimulia mwaka wa mafuriko, jinsi watu wa Garsen walivyohama na magodoro vichwani. Wa pili ulikuwa wa wateja wanaolalamikia maziwa. Wa tatu ulimhusu dereva mmoja wa lori anayechelewa kurudi nyumbani, ambaye Wako aliapa si yeye. Wa nne ulikuwa wimbo wa kisima, mrefu kuliko hizo tatu zikiunganishwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, kinachobeba Kiorma na Kipokomo bila kuomba ruhusa ya mtu, na kila mtu wa mto alikielewa.

Walirekodi mwezi wa Agosti, saa nne asubuhi, katika kibanda kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kupunguza kelele. Ala ilikuwa mtungi mtupu wa lita ishirini, na Darmi alijipigia mwenyewe. Nyimbo tatu zilikwenda vizuri. Ulipofika wa kisima, akakwama. Alianza, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Alikuwa hajawahi kuuimba bila ng'ombe mbele yake, na hapo mbele palikuwa na Idris, jasho linamtoka, akishikilia kipaza sauti kwa mikono miwili kama aliyeshika mtoto mchanga.

"Fumba mato, dada," Idris akamwambia. "Anza na ukipendacho zaidi, mengine yatakuja yenyewe."

Akafumba macho. Na alipofumba, aliowaona ni ng'ombe wa baba yake. Akamwita Dimtu. Akamwita Adi, mweupe, na Magala wa rangi ya udongo, mmoja baada ya mwingine hadi wakaisha. Kisha akaita kundi la mzee Liban, kisha la mzee Sora, ambao kisimani humtangulia baba yake, na mtungi ukawa unalia chini ya kiganja chake. Hakusimama hata mara moja. Alipofungua macho Idris alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia redio, na uso wake wote umekuwa mweusi kwa grisi.

Hakuna aliyefikiria zamu. Idris ni mtu wa samaki, angejuaje? Na Darmi aliyejua alikuwa amefumba macho.

Nyimbo nne zilijaza upande mmoja wa kaseti. Upande wa pili ukabaki mtupu, Idris akasema watu watalalamika. Hawakulalamika. Watu wa mto wakagundua wenyewe la kufanya: upande wa kwanza wanamsikiliza Darmi, upande wa pili wanajirekodi salamu na kuwapelekea ndugu zao. Kaseti zikapanda malori. Zikaenda Hola, zikaenda Nanighi, zikateremka hadi Ozi kwa wakulima. Mtu alitumiwa habari za kuzaliwa kwa mjukuu, na upande wa pili mjukuu asiyejua kusema analia dakika nzima. Mwingine aliposa kwa kaseti. Alikubaliwa, nasikia, ingawa mkwewe alisema ni kwa sababu ya nyimbo.

Siku Darmi aliposikia sauti yake ikitoka katika hoteli ya chai, alijifunika uso kwa mtandio na kupita mbio. Alipofika kona akasimama, akarudi polepole, akaegemea ukuta wa nje kama mtu anayesubiri mwenzake. Alisikiliza nyimbo zote nne. Furaha ilimjaa hadi akasahau alikuwa ametumwa sukari.

Ikafika Oktoba, na mvua haikuja. Wako alirudi safari ya bara akampa Darmi kaseti.

"Ni yako," akasema. "Imerudishwa. Sikiliza upande wa pili."

Wakaenda kwa Idris, wakaiweka kwenye mashine. Kwanza kilisikika kikohozi. Kisha sauti ya mzee Liban, mwenye zamu ya kwanza, mtu ambaye babu yake ndiye aliyechimba kile kisima.

"Darmi binti Halkano," sauti ikasema. "Mimi Liban. Sisi hatujambo. Mvua hakuna. Mke wangu anakusalimu, anasema umekonda sauti, ule zaidi. Sasa sikiliza. Wamekuja watu wa Nanighi na ng'ombe wao, ukame umewafukuza, wanaomba maji. Mimi nimekaa mlangoni kwangu. Wamenipita. Wamenipita hivi, nikiwaona, wakaenda kwa baba yako kuomba ruhusa. Nikawauliza kwa nini. Wakasema Halkano ndiye wa kwanza katika kisima hiki, wamesikia kwenye kaseti."

Hapo ng'ombe mmoja alilia, na mzee akangoja amalize.

"Wazee tumekaa. Ng'ombe wa baba yako sasa wanakunywa mwisho, baada yetu sote na baada ya wageni, mpaka wewe uje uinyooshe zamu kwa mdomo wako. Usitume kaseti nyingine. Kaseti ndiyo iliyoharibu. Baba yako hakubisha hata neno moja, na hilo limeniudhi zaidi. Ni hayo tu."

Kwa bahati mbaya hakujua kuzima. Kaseti iliendelea na mzee akimwuliza mkewe ni kitufe kipi, mkewe akisema chekundu, yeye akisema hicho ameshakibonyeza, mpaka ukanda ukaisha wenyewe.

Idris alitaka kucheka, akamtazama Darmi, akaacha. Darmi alikuwa amekaa chini. Alijua maana ya kunywa mwisho mwaka wa ukame. Kisima kile hutoa maji mazuri hadi adhuhuri. Baada ya hapo yanakuja ya kijivu, na wa mwisho hulamba tope. Ng'ombe mwenye nguvu anaweza kuvumilia siku kadhaa. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wamebaki mifupa tangu maradhi, na Halkano akipoteza hao, hana wengine. Mzee aliyechunga maisha yake yote angeletwa Garsen kukaa kwenye kiti cha plastiki na kulishwa. Darmi aliliona hilo wazi kabisa, na aliyelileta ni yeye, kwa mapenzi yake mwenyewe.

"Turekodi upya," akamwambia Idris. "Tupange sawasawa, wa kwanza awe wa kwanza."

"Zile zilizotoka utazikusanyaje, dada? Watu washazinakili wao kwa wao. Mimi hata sijui ziko ngapi."

Basi akakasirika. Alikasirika siku nzima, acha nikuambie ukweli. Alisema amemwimba Liban na ng'ombe wake mbele ya mto mzima, na shukrani yake ni hiyo. Alisema kaseti si kisima. Aliwamiminia wateja maziwa bila kuimba, na mstari mzima ukaogopa. Jioni alimwambia Abdia, aliyekaa wa pili kutoka mwisho, amshikie nafasi yake na wateja wake. Kesho yake alipanda lori la Wako.

Malori yalikwenda kwa msafara na askari kwa sababu ya majambazi wa njiani, kwa hiyo walichelewa, na kutoka barabara kuu alitembea siku moja na kipande. Alimkuta baba yake mbele ya nyumba yake ya mikeka, akikata majani ya mti kwa kisu ili awape ng'ombe. Mzee hakuinuka.

"Nilisema usije," akasema.

"Aba, hukusema. Hukutuma neno lolote."

"Kutotuma ndiko kusema kwenyewe."

Darmi akapiga magoti, akampa mkono, akabusu wa baba yake. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Adi alikuwa amelala, na ilikuwa wazi kwamba asubuhi alikuwa ameinuliwa kwa kushikwa mkia. Dimtu alisimama, lakini mifupa ya nyonga ilikuwa imetokeza hata ungeweza kutundika kibuyu. Aliponusa mkono wa Darmi, ulimi wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Kwa nini hukubisha, Aba?" akauliza aliporudi. "Ungewaambia ni kosa langu, mimi mtoto, niko mjini. Wangekuelewa."

Mzee Halkano alikata matawi mawili zaidi kabla ya kujibu.

"Nilisikia hiyo kaseti kwa Sora," akasema. "Nilikaa nikaisikia mpaka mwisho. Mimi ni wa tatu katika kisima hiki, baba yangu alikuwa wa tatu, na babu yangu. Sijawahi kuitwa wa kwanza popote. Kisha mwanangu akaniita. Waliponiambia ninyweshe mwisho nikaona, haya, ndiyo bei yake. Nitalipa."

"Wanakufa, Aba."

"Najua. Kwa hilo nimekosea. Lakini sikuweza kusema ulikosea."

Darmi akachukua kisu akamaliza kukata majani yeye.

Asubuhi walikuwa kisimani jua likichomoza. Mzee Liban alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye kigoda, fimbo magotini, uso umekunjamana. Alimsalimia Darmi vizuri, akamwuliza habari za Wako na za watoto, akamwuliza hata habari za yule fundi aliyeandikwa jina kwenye kasha. Halafu akamweleza masharti, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Zamu inanyooshwa siku moja na kwa mdomo mmoja. Utaanza na kundi langu, uende kwa Sora, uende kwa wageni, umalize na la baba yako. Hakuna wa kukupokea wimbo. Ukifika mwisho, kesho Halkano anarudi nafasi yake ya tatu na hakuna atakayelisema tena. Ukikatika njiani, mambo yanabaki yalivyo."

"Nimesikia, mzee Liban," Darmi akasema. Wanaume wakashuka kisimani, kila mmoja kwenye kidato chake. Darmi akasimama penye hori akaanza.

Ng'ombe wa Liban walikuwa wengi, na ni haki yao, aliyechimba ni babu yake. Darmi aliwaita wote. Hakuruka hata mmoja, na wale waliozaliwa baada ya yeye kuolewa alinong'onezewa majina yao na mke wa Liban. Sauti yake ilipanda juu ya laga ikiwa safi, wa chini wakaitikia, ndoo zikaja mbio. Wazee walianza kutikisa vichwa bila kujijua. Liban peke yake alitazama mchanga.

Kundi la Sora likaisha jua likiwa la utosi. Hapo ndipo koo lilipoanza kumwuma. Kumbuka huyu alikuwa miaka mingi anaimba nyimbo za kumimina maziwa, nyimbo za dakika mbili, na kati ya wimbo na wimbo anakunywa chai. Sasa vumbi lilikuwa jingi, joto linatoka juu na chini, na wageni wa Nanighi walikuwa na ng'ombe asiowajua hata mmoja. Ilimbidi aulize jina, aliimbe, aulize jingine. Sauti ikawa nzito. Ikaanza kukwaruza. Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye adabu, alimwambia inatosha, hawa wake wanaweza kunywa bila kuitwa. Darmi akakataa kwa kichwa, akamwita ng'ombe.

Ng'ombe wa mwisho wa wageni aliponyanyua kichwa kutoka horini, ilikuwa alasiri, na maji yanayopanda yalikuwa mazito kama uji. Halkano akawasogeza wake. Walikuja polepole, Dimtu mbele, na Adi akisukumwa mabegani.

Darmi akafungua mdomo kumwita Dimtu, na hakuna kilichotoka.

Akameza mate, akajaribu tena. Pumzi ilitoka, sauti hapana. Chini kisimani mikono ikasimama, maana bila wimbo hawakujua ndoo ipande lini. Alijaribu mara ya tatu, na safari hii aliweka mkono kooni kama anayeweza kuivuta sauti kwa vidole. Kimya. Dimtu alisimama mbele ya hori kavu, akimtazama. Darmi alikuwa ameita ng'ombe wa kila mtu kwenye laga ile, wa jamaa na wa wageni, na waliobaki ni wa baba yake tu. Mbele ya watu wote hao alikuwa amekatika.

Halkano alishika pembe ya Dimtu ili amgeuze, wamrudishe nyumbani.

Hapo mzee Liban akasimama. Aliinuka kwa taabu kutoka kigodani, akaja hadi horini, akamsogeza Darmi pembeni kwa fimbo, taratibu. Akainama juu ya kisima akawaambia wanawe wawili walioko chini kabisa waache kuchota, wazoe mchanga kwanza, wangoje maji mapya yatoke. Walizoa. Watu walingoja. Ndoo ya kwanza ilipopanda ilikuwa safi.

Kisha Liban akamwita Dimtu.

Sauti yake ilikuwa mbaya, ya mzee, lakini maneno yalikuwa yenyewe. Alimwita Dimtu, akamwita Adi, akamwita Magala, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio ule ule wa kaseti, na kwa ule mnyumbuko wa sauti ambao Darmi aliubuni ndani ya kibanda cha Idris na haukuwahi kuimbwa kisimani hapo kabla. Hakukosea jina hata moja. Wa chini wakaitikia. Dimtu akaingiza mdomo kwenye maji.

Mzee Sora ndiye aliyesema, kati ya ndoo na ndoo. "Liban, ulisema mdomo mmoja."

"Maneno ni yake," Liban akajibu bila kugeuka. "Mimi nimeyaazima."

"Na umeyajulia wapi yote hayo?"

"Hiyo kaseti iko nyumbani kwangu tangu Septemba. Niliyomrudishia ni nyingine. Mke wangu hataki izimwe." Ndoo ikamwagwa. "Na mimi sitaki."

Kisha akaendelea kuita. Darmi alinyoosha mkono apokee ndoo, afanye angalau hilo, na baba yake akamzuia.

"Kaa chini, mwanangu," Halkano akamwambia. "Leo unaimbiwa wewe."

Akakaa pale pale mchangani, akalia waziwazi mbele ya wazee na wageni, bila sauti kwa kuwa hakuwa nayo, na Dimtu akawa anakunywa.